Mwani wa Maji ya Udhu

Asubuhi, kabla duka la Jivraj halijafunguliwa, Riziki alivuta chandarua kilichofunika mabeseni uani, akaanza kuyakoroga kwa mwiko wa ugali. Alianzia beseni la bwawa la samaki la Giheta, kwa sababu ndilo lililonuka zaidi, naye alikuwa na mazoea ya kumaliza balaa mapema. Akafuata la mto Ruvubu, kisha la mashamba ya mpunga, na mwisho la mtaro wa msikiti. Ndani ya kila beseni maji yalikuwa ya kijani, mazito kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyosahauliwa jikoni.

Ukijani huo ulikuwa mwani. Si ule wa baharini, maana Gitega haijawahi kuona bahari hata kwa kuazima. Ni ule mdogo usioonekana kwa jicho mpaka ujikusanye mwingi juu ya maji yaliyotuama na kumwangusha mtu mwenye kandambili. Karima Jivraj alikuwa akitafuta plastiki ndani yake.

Sababu ilikuwa vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka ili wakubwa wa Burundi waache vita, na wakubwa hawakuacha vita, ila sashe, ile mifuko ya plastiki, ziliacha kuja. Mjini Gitega chumvi ilifungwa kwa majani ya migomba na nyama kwa magazeti ya zamani, hata ukafika nyumbani ukakuta uso wa waziri umejichapa kwenye paja la mbuzi. Aliraza Jivraj, ambaye babu yake ndiye aliyefungua duka lile, alisema mteja anayebeba sukari kwenye kofia hawezi kununua sukari nyingi. Akamwambia binti yake atumie elimu yake kwa jambo moja la maana.

Karima alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari iliyofungwa baada ya vita kuwapeleka wanafunzi upande huu na walimu upande ule. Alirudi nyumbani na hadubini ya shule imeviringishwa katika kanga. Aliichukua ili isiibiwe.

“Dada Riziki,” alisema siku ya kwanza, jicho moja limebanwa kwenye hadubini, “hii mwani iko kama watu. Ukiishibisha inazaana tu. Ukiinyima chakula inaanza kuficha akiba tumboni. Hiyo akiba ndiyo plastiki.”

“Hama basi, ungenichuja mi,” Riziki alijibu. “Tangu tisini na tatu nanyimwa. Ningetoa plastiki ya kufunika mji mzima.”

Alisema kwa kucheka, lakini hakuwa amesema uongo. Mwaka ule wa tisini na tatu mume wake, Saidi, fundi cherehani wa Muyinga, aliondoka kwenda kununua vitambaa akakutana na vita njiani. Baada ya arubaini, Riziki aliwachukua mabinti zake wawili akakimbilia Gitega. Ufunguo wa nyumba alimwachia shemeji yake, Houssein, ili awe anafungua madirisha nyumba isioze. Hali ilipotulia kidogo alituma salamu kwamba anarudi. Houssein naye akatuma salamu kwamba karibu sana kutembea, ila nyumba ni yake, marehemu alikuwa amemuuzia kabla ya safari. Tangu hapo Riziki na mabinti zake walilala katika stoo ya nyuma ya duka la Jivraj, kati ya magunia ya maharage na katoni za viberiti. Alitaka nyumba yake, hakutaka kitu kingine.

Kazi ya mabeseni ilikwenda kama kugandisha maziwa. Kila wiki walitazama beseni lipi limetoa mali nzuri, wakachota kidogo humo kama mtindi wa jana na kutia katika maji mapya. Beseni lililozembea lilimwagwa. Mwani uliokubalika waliunyima mbolea mpaka unenepe akiba, wakauchuja kwa kitambaa cha kilemba, wakaupika pamoja na wanga wa muhogo na yale maji matamu yanayobaki Aliraza akipika sabuni ya mawese, kisha wakaumwaga juu ya mabati yaliyonyooshwa. Ukikauka unabandua karatasi laini, unakunja, unaziba kingo kwa pasi ya mkaa. Sashe tayari. Ukiitupa shambani, mvua mbili tatu zinaila na migomba inashukuru.

Mwani wa Giheta ulitoa karatasi iliyokatika kama chapati mbovu. Wa Ruvubu ulinuka. Wa mpunga ulikuwa mzuri ila mvivu. Ulioshinda ulikuwa ule wa mtaro wa msikiti, mahali yalipopita maji ya watu waliotawadha. Karatasi yake ilikuwa nyororo, imara, yenye ukijani wa mbali kama chupa. Walimwaga yale mengine yote, na Karima akamtuma Riziki kila Ijumaa na ndoo, akinge maji ya udhu kabla hayajapotelea ardhini, kwa sababu mwani ule ulikataa kukua katika maji mengine. Hakuna aliyeona ubaya.

Sashe ya kwanza kuyeyuka ilikuwa ya Sefu, muuza sukari. Alikuwa amesimama katikati ya soko akisifu mali yake, mara sashe ikageuka maji ya kijani mkononi mwake, sukari ikamwagika juu ya viatu. Ikanukia vizuri, kama jiwe lililolowa mbele ya msikiti. Sukari ile ilikuwa imetolewa na Wazungu wa msaada kwa ajili ya kambi ya wakimbizi. Sefu aliikung’uta viatuni, akaifungia katika gazeti, akaendelea kuuza.

Ya pili ilikuwa ya mtu aliyebeba misumari iliyong’olewa kwenye paa la jirani aliyekimbia. Ya tatu ilibeba redio. Ya nne ilibeba kuku, na kuku mwenyewe alirudi kwao kwa miguu. Lakini Zaituni, muuza sambusa, aliyelima vitunguu vyake mwenyewe, alitumia sashe moja mpaka akaichoka.

Karima alipima asidi, akapima joto, akaangalia kwenye hadubini. Bibi yake, Sikinabai, aliyekuwa akichambua mchele kizingitini, alimwacha ahangaike mpaka amalize.

“Mmeilea na maji ya udhu,” alisema. “Mlitegemea nini? Iko na dini. Haibebi kitu cha mtu.”

“Bibi, mwani haina akili.”

“Mi nimesema dini. Akili sijataja.”

Karima alichukua sashe mpya, akaitia hadubini ya shule ndani yake. Sashe ikayeyuka bila haraka, hadubini ikabaki mezani imelowa.

“Mi niliazima,” Karima alisema.

“Kwa nani?” Riziki aliuliza. “Mkurugenzi wa shule si alishakufa?”

“Nitarudisha shule ikifunguka.”

“Iambie mwani, sha. Mi nakuamini.”

Habari ilienea sokoni kabla ya adhuhuri, na watu waliipokea kama wanavyopokea habari kwamba barabara fulani ina matope. Hakuna aliyeona haya, maana haya inahitaji mtu mmoja msafi wa kukutazama. Walilalamikia hasara tu. Siku hizo mwaminifu alikuwa na vitunguu na mwingine alikuwa na mali, na mwenye duka huishi kwa mwenye mali. Wateja walisimama mbele ya Aliraza wakanong’ona kama wanaotafuta dawa ya siri.

“Patron, huna sashe ile inakaa kimya?”

Aliraza alikwenda uani akasimama juu ya mabeseni, mikono nyuma.

“Karima, mwanangu. Mi si kadhi. Mi iko na duka. Tafuta mwani ya kimya.”

Ikawa ndiyo kazi. Karima aligawa mwani katika mabeseni mengi madogo, kila moja akalizoeza kidogo kidogo maji ya bomba badala ya maji ya udhu. Kutoka kila beseni alitengeneza sashe moja, akaitia hadubini, akangoja. Beseni ambalo sashe yake iliyeyuka mara moja lilimwagwa. Lile lililosita ndilo lililopewa nafasi ya kuzaa. Mwanzoni kusita kulikuwa kwa muda wa kunywa chai. Baadaye sashe zikawa zinavumilia mpaka saa ya chakula, zikitoka jasho la kijani kwenye kingo.

“Inajifunza,” alisema Karima, amefurahi kama mwalimu.

“Sote tulijifunza,” alisema Riziki.

Lakini yeye alikuwa na shauri lake. Alijua kwamba siku chache zaidi na mwani wenye dini utakuwa umekwisha duniani. Akachukua karatasi mbili za mwani wa kwanza, akazikunja ndani ya nguo yake, akaomba ruhusa ya kwenda Muyinga. Karima alimtazama.

“Nyumba haiingii kwenye sashe, dada.”

“Ufunguo unaingia.”

Zaituni alimfungia sambusa za njiani katika sashe yake ileile ya vitunguu. Gari lilikwenda kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, likapita Karusi. Kwenye bariyeri moja kabla ya Gashoho askari kijana aliwashusha wote, akapekua mizigo, akachukua sambusa. Sashe ikamyeyukia mikononi. Akala hivyohivyo, vidole vya kijani.

“Mama, hii sashe yenu haina nguvu,” alisema.

“Ndiyo, afande,” alijibu Riziki. “Tunaitengeneza vizuri zaidi sasa hivi.”

Muyinga, Houssein alimpokea vizuri kuliko ndugu wengi wanavyopokeana. Alimbebea kikapu, akawaulizia mabinti kwa majina, akasema wamekuwaje hao, lazima ni warefu. Riziki alisema amekuja kuita bashingantahe, wale wazee wenye fimbo wanaokata mashauri ya mtaa.

“Ego, ndiyo, shemeji, haki yako,” alisema Houssein. “Mi mwenyewe nitawaita. We pumzika.”

Wazee walikuja watatu, wakakaa barazani kwenye viti ambavyo Riziki alivinunua yeye mwenyewe mwaka wa harusi. Mke wa Houssein alileta chai. Mkubwa wao, mzee Aboubakar, alimruhusu Riziki aseme, naye akasema bila kulia, kwa sababu alikuwa ameisema hadithi ile mara nyingi kwa magunia ya maharage. Houssein akasema yake: marehemu alimuuzia, walimalizana kindugu, shahidi alikuwa Mungu.

“Basi tumuulize shahidi,” alisema Riziki. Akatoa ile karatasi ya kwanza, akaieleza kwa maneno machache: inatoka kwa maji ya udhu, haibebi kitu cha mtu. Wazee waliipitisha mkono kwa mkono, wakaisifu ulaini. Mmoja aliuliza kama inafaa kuhifadhia tumbaku. Riziki akasema inategemea tumbaku.

Houssein hakukataa, kwa maana kukataa ni kukiri. Alitoa ufunguo mfukoni, ufunguo uleule wenye uzi mwekundu ambao Saidi aliufunga, akauweka ndani ya karatasi na kuikunja. Karatasi ikayeyuka. Ufunguo ukagonga saruji, maji ya kijani yakatiririka mpaka kwenye kikombe cha mzee Aboubakar, naye akakinyanyua.

Riziki akaokota ufunguo, akaufuta kwa kanga, akauweka ndani ya karatasi ya pili. Akaifunga. Walingoja. Chai ilikwisha, ikaletwa nyingine, adhana ya alasiri ikapita, na karatasi ilikuwa kavu.

“Yoo,” alisema mzee mmoja, kwa sauti ya mtu aliyeona mvua imeanza.

“Mmeona,” alisema Riziki.

Mzee Aboubakar alikohoa. “Mama, tumeona. Lakini hii tulishajua.”

“Mlijua?”

“Mwanangu, tulikula pilau hapa siku Houssein anahamia. Ilikuwa pilau nzuri. Nani hakujua?”

Houssein aliinamisha kichwa, si kwa aibu, ila kwa unyenyekevu wa mtu anayesifiwa pilau yake.

“Hama basi, nipeni nyumba yangu,” alisema Riziki.

Wazee wakatazama barabarani. Mtaa ulinyooka mbele yao, nyumba huku na huku, nguo zimeanikwa, watoto wanakimbiza ringi. Mzee Aboubakar akanyoosha mkono, akaanza kueleza polepole, kwa upole wa kweli. Ile nyumba ya bati jipya, mwenyewe yuko kambini Tanzania. Ile ya kijani, wenyewe hawako popote. Ile yenye mpapai, aliyemo ndani alifukuzwa katika ya kwake huko Gashoho, naye aliyemfukuza huko alifukuzwa kwingine. “Ukivuta uzi mmoja, mama, nguo yote inafumuka, na sisi sote tuko ndani ya hiyo nguo. Houssein iko na watoto wanasoma hapa. We una kazi kwa Muhindi, unakula. Ukweli ni wako, hakuna anayekunyang’anya. Nyumba ibaki pale iko. Tuwe na amani.”

Alisimama, akagonga fimbo chini kufunga shauri, kama desturi inavyotaka. Fimbo ikatua juu ya karatasi iliyobaki, ile aliyoiweka Riziki sakafuni baada ya kutoa ufunguo. Karatasi ikayeyuka chini ya fimbo. Wazee wote watatu waliona, Houssein aliona. Mke wa Houssein akaleta kitambaa, akapangusa.

Hawakumwacha aondoke na njaa. Alikula wali na nyama katika sahani zake mwenyewe, zile za maua ya bluu, akakuta ile iliyovunjika ukingo bado ipo. Baada ya kula aliziosha, kwa kuwa mgeni mwema husaidia. Ufunguo aliuacha kwenye msumari karibu na mlango, mahali pake pa siku zote.

“Karibu tena, shemeji,” alisema Houssein, akimsindikiza mpaka kwenye gari. “Hapa ni kwako.”

Riziki alimtazama kuona kama anamcheka. Hakuwa akimcheka.

Aliporudi Gitega alikuta hadubini inaning’inia msumarini ndani ya sashe, kavu, tulivu, na imekaa hivyo tangu siku aliyoondoka. Karima alikuwa ameshamwaga mabeseni yote isipokuwa moja. Riziki aliuliza kama hakubakiza mbegu ya ule wa zamani, hata kidogo. Karima akasema hapana, dada yangu, samahani, ungesema. Riziki alikwenda na kikombe mpaka msikitini. Kamati ilikuwa imefunika mtaro kwa saruji, maana waumini walikuwa wamelalamika kwamba watu wanachota udhu wao na kuutia madukani. Saruji ilikuwa mpya kabisa, katika mwaka ambao mji mzima haukuwa na saruji, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

“Walikupa nini huko?” aliuliza Karima.

“Haki,” alisema Riziki. “Na wali.”

Mwani wa kimya ulikua vizuri ajabu. Haukuchagua maji, haukuchagua mzigo. Sefu alinunua sashe kwa mafungu, wanajeshi walinunua, watu wa msaada wenyewe walinunua na kuzisifu kwamba hazichafui mazingira. Aliraza aliajiri wanawake wengine, akamfanya Riziki msimamizi wao, na stoo ikapigwa rangi.

Mwanzoni mwa masika bomu la mkono lililipuka karibu na soko la Muyinga, likavunja vioo vya mtaa mzima. Dereva wa lori aliyetoka huko alisimama dukani akasema kuna mzee, Houssein, anaomba karatasi ya plastiki ya kuziba madirisha, ile ya kimya. Mvua inapiga ndani, watoto wanakohoa.

Karima alikunja uso, akamtazama Riziki, kisha akajifanya anatazama mizani.

“Vipimo?” alimuuliza dereva.

“Hakunipa. Alisema tu madirisha yote.”

“Alors tunakata vipi, bila vipimo?”

Riziki alikuwa ameshachukua mkasi. Alitandaza karatasi juu ya meza ya pasi akakata la sebule, pana, kisha la jikoni, jembamba, kisha yale mawili ya mbele yanayolingana. La chumba cha watoto alilikata pembe moja ikiwa imeshuka, kwa sababu Saidi alilijenga alasiri ya Ramadhani, njaa imemshika, na baadaye akakataa mbele ya mafundi wote kwamba limepinda. Alikunja kila moja peke yake ili yasichanganyike, akayafunga kwa kamba.

Karima alisema taratibu, “Dada, si lazima.”

“Mvua iko inanyesha,” alijibu Riziki.

Lori liliporudi tena Gitega, dereva alikuja kunywa chai uani. Alisema yamekaa sawasawa, hata lile lililopinda, upepo hauingii tena, watoto wa mzee Houssein wanalala.

“Alhamdulillahi,” alisema Riziki. Akamwongezea chai. “Na mlango wa nyuma? Bado unagoma kufungika siku za mvua?”

“Unagoma vibaya. Wanausukuma watu wawili.”

“Waambie wasiusukume hivyo, watauvunja. Waunyanyue kwanza kidogo, hivi, kwa goti. Ndipo wausukume.”